Nyaya Mbili, Njia Tatu

Nyaya zilikuwa mbili, fundi alizivuta kwa mikono yake mwenyewe, lakini kompyuta ya meza ya tatu ilihesabu njia tatu.

Akahesabu upya. Akapiga magoti chini ya meza, akashika waya wa buluu, akashika wa manjano, akapapasa ukuta mpaka kwenye kona yenye vumbi, asije akawa amesahau mwingine. Hakuna. Akarudi kwenye kioo cha kompyuta. Tatu. Zote hai, zote zinakwenda kwenye kabati la diski lililowekwa chumba cha chini.

Huyu fundi watu walimwita Akiba, na jina lilimkaa. Kila kufuli yake ilikuwa na funguo za ziada, tochi alibeba mbili, saa alikuwa na ya mkononi na ya mfukoni, na mkewe hakuchoka kumtania kwamba siku ya harusi alikuja na pete nne, mbili za kuvaa na mbili za kuweka. Hakuwa mtu mbaya. Nasema mapema, maana wengi wakisikia kisa hiki humrukia kwa lawama, na kweli lawama anayo, lakini apewe yake tu, asibebeshwe na ya wengine.

Ofisi yenyewe ilikuwa ya kuhifadhi sauti. Miaka na miaka watu walitumwa huku na kule na vinasa sauti, wakawarekodi wazee wakisimulia koo zao, ndoa zao, magonjwa, magomvi ya mipaka, nani alimzaa nani. Wazee wale karibu wote wameshakufa. Sauti zao, saa elfu arobaini na ushei, zilitolewa kwenye kanda zikaingizwa kwenye lile kabati la chini, na ghorofani palikuwa na meza nne, kila meza na kompyuta yake na msikilizaji wake, kazi yake kusikiliza na kuandika neno kwa neno. Meza ya tatu alikaa mke wa fundi. Walimwita Sikio, kwa sababu angeweza kumsikia mzee asiye na meno akinong'ona huku mvua inapiga bati, na asikose hata neno moja.

Zamani kila kompyuta ilikuwa na waya mmoja. Panya akaguguna mmoja wao, kazi ikalala siku tatu, Mkuu wa ofisi akaapa haitatokea tena. Ndipo fundi akaambiwa aweke waya wa pili kwa kila meza, upite swichi nyingine na ukuta mwingine, ili mmoja ukifa mwingine ubebe mzigo, na msikilizaji asijue hata kama kuna kilichotokea. Kazi hii ina mtego wake. Kompyuta haina akili ya kuzaliwa. Ikiliona kabati lile lile kwa njia mbili hudhani ni makabati mawili, itaandika huku, itaandika kule, mpaka ivuruge yote. Lazima uiambie kwamba hizi zote ni kitu kimoja. Unaweka alama kwenye kila njia, unabonyeza Kubali, imekwisha.

Mkuu alikuwa amesimama nyuma ya fundi, mikono kiunoni. Wageni wa kukagua kazi walikuwa wanakuja kesho yake.

"Tumemaliza?" akauliza.

"Bado kidogo, Mkuu. Hii inaonyesha njia moja ya ziada."

"Kwani ziada ina ubaya gani?"

Fundi mwingine angesema ina ubaya. Njia usiyojua inakotoka huipokei, kama vile mtu akibisha hodi humfungulii kabla hujauliza ni nani. Lakini Akiba hakuwahi katika maisha yake kukataa cha ziada, na shingo ilikuwa inamuuma.

"Haina," akasema. "Akiba haiozi."

Akaweka alama kwenye mistari yote mitatu. Programu ikamuuliza kama ana hakika. Akabonyeza Kubali.

Ikabaki kujaribu. Aliwasha spika ndogo ili wote wasikie, na Sikio akafungua sauti ya bibi mmoja anayetaja wajukuu zake, sauti aliyokwisha kuiandika mwezi uliopita. Fundi akachomoa waya wa buluu. Bibi akaendelea, mjukuu wa nne, mjukuu wa tano, bila kukwama. Mkuu akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Fundi akaurudisha, akachomoa wa manjano. Mjukuu wa saba. Kisha, kwa tabia ya mafundi ya kutaka kuona kitu kinazimika ndipo waamini kilikuwa kinafanya kazi, akachomoa zote mbili.

Hapo bibi alitakiwa kunyamaza.

"Mjukuu wa tisa," bibi akasema, akamtaja. Akavuta pumzi. "Mjukuu wa kumi."

Sikio akageuka taratibu kwenye kiti. "Huyu ana wajukuu tisa," akasema. "Nimemwandika mwenyewe. Baada ya wa tisa anaomba maji."

Bibi akamtaja wa kumi. Lilikuwa jina la Sikio, lile la kuzaliwa, pamoja na la baba yake, jina ambalo pale ofisini hakuna aliyelijua ila mumewe. Na chini ya meza ikapanda harufu ya udongo mbichi, harufu ya shimo lililochimbwa asubuhi, kwenye chumba ambacho madirisha yake hayajafunguliwa mwaka mzima kwa sababu ya kiyoyozi.

Mkuu akapiga makofi. "Hata bila waya inaenda. Huyu ndiye fundi bwana."

"Ni kumbukumbu ya kompyuta," fundi akasema. "Huwa inachota kidogo mbele." Alijua huchota sekunde chache tu. Alisimama pale na nyaya mikononi huku bibi akiendelea kuzungumza dakika nzima, na hakusema ukweli kwa sababu ya wageni wa kesho, na kwa sababu aliona haya. Akachomeka nyaya, akafunga begi lake.

Hiyo ndiyo lawama yake. Nimeshaisema, sitairudia.

Aliyeanza kuona mambo ni Miwani, dada wa meza ya nne, mtu asiyeweza kumaliza saa bila kuchungulia jirani anafanya nini. Wiki ya pili, saa nne asubuhi, alimwona Sikio amevua hedifoni, ameziweka mezani, anatazama ukuta, na mikono yake inaandika.

"Dada," akanong'ona. "Unaandika nini, na husikilizi kitu?"

Sikio akateremsha macho. Mikono ilichelewa kidogo kusimama. Kwenye kioo palikuwa na kurasa mbili za malalamiko ya mtu juu ya mpaka wa shamba, na jirani aliyehamisha jiwe, na ng'ombe aliyekufa kwa sumu. Miwani, kwa kuwa hawezi kuacha jambo, akatafuta humo kabatini mpaka akayapata. Yalikuwa kwenye kanda ambayo hakuna msikilizaji aliyewahi kuifungua. Neno kwa neno, pamoja na mahali mzee anapokohoa.

"Umeisikia wapi hii?"

"Sijaisikia," Sikio akasema, na akaanza kulia pale pale kazini, mtu ambaye hata msibani hulia akiwa amejificha jikoni.

Nyumbani mambo yakawa vile vile. Akiosha vyombo anaongea, fundi anadhani yuko kwenye simu, anakwenda kuchungulia, simu iko chumbani inachajiwa. Anakohoa kikohozi cha mzee. Anaulizwa chumvi iko wapi, anajibu kwamba chumvi wameinyima upande wa mama mkubwa tangu ule ugomvi. Baada ya muda anashtuka, anashika mdomo. Mumewe alimwambia ni uchovu, akamnunulia dawa ya kuongeza damu, akamwombea likizo. Mwanamume akiogopa hununua dawa.

Jioni moja alimkuta mkewe amekaa kitandani, kalamu mkononi, karatasi tupu.

"Mume wangu, naogopa," akasema kwa sauti ndogo. "Nilitaka kuandika jina la mama yangu nisije nikalisahau. Nikilitafuta nakuta jina la mama wa mtu mwingine. Nikiliweka pembeni, nakuta la mwingine. Wapo wengi, wamejipanga foleni. Mama yangu simwoni."

Fundi alimtajia. Alilirudia mara tano, akaliandika. Asubuhi karatasi ilikuwa na mwandiko wa mkewe mwenyewe, ila majina yalikuwa kumi na sita, na la mama yake halikuwemo.

Siku hiyo Sikio hakwenda kazini. Fundi akaenda peke yake, akakaa meza ya tatu, akafungua orodha ya njia. Mbili. Buluu na manjano, hakuna nyingine. Moyo ukamtua. Aliketi pale karibu saa nzima akiitazama ile orodha, mpaka akaanza kujicheka, na ndipo mstari wa tatu ukajitokeza, hai, na kabla hajajua la kufanya alisikia viatu kwenye ngazi, na mlango ukafunguliwa, na mkewe akaingia ameshika mkoba. "Nimeshindwa kukaa nyumbani," akasema. "Wananiita."

Kuna dirisha dogo kwenye programu ile linaloonyesha kila njia imebeba mzigo kiasi gani. Fundi alilifungua. Buluu ilikuwa na mzigo wa kawaida wa mtu mmoja anayesikiliza sauti moja. Manjano vile vile. Ya tatu ilikuwa imejaa mpaka juu, na mzigo wake haukuwa unatoka mezani kwenda kabatini. Kabati lilikuwa linamwagika ndani yake. Saa elfu arobaini za watu waliokufa zilikuwa zinapita kwa mwanamke mmoja aliyesimama mlangoni akipanga mkoba wake begani, na kila kilichoingia kilikuwa kinaketi juu ya kitu chake mwenyewe, juu ya mama yake, juu ya shule aliyosoma, juu ya siku waliyokutana.

Sasa angalieni kosa la pili, na hili lilifanywa kwa mapenzi. Alifikiri akilinyima kabati njia, litanyamaza. Alisubiri mchana, wenzao walipotoka kwenda kula, akamkalisha mkewe mezani, akamshika bega, akainama akachomoa waya wa buluu na wa manjano kwa mkono mmoja, na mzigo wa nyaya zile mbili, ambao yeye mwenyewe alikuwa ameuelekeza usianguke kamwe bali uhamie kwenye njia iliyobaki, ukahamia kwenye njia iliyobaki, na Sikio akanyooka kwenye kiti kama aliyevutwa nywele, akafungua mdomo, na kilichotoka hakikuwa ukelele bali watu, wazee na wanawake na mtoto mmoja anayehesabu mbuzi, wote kwa pamoja, kila mmoja kwa utulivu akisimulia yake, huku damu ikimtiririka puani na ile harufu ya udongo ikijaa chumba mpaka fundi akahisi inamkwama kooni, na yeye chini ya meza anapapasa, hazioni nyaya kwa machozi, anayakosa matundu yake, anayakosa, mpaka akazichomeka, na watu wale wakapungua mmoja mmoja, akabaki bibi peke yake akisema, "Mjukuu wangu, usinikatie."

Basi nyaya hazikuguswa tena, na mstari wa tatu, kila alipoufuta, ulirudi.

Shangazi yake Sikio ndiye aliyeletwa. Mama mmoja mfupi, mwenye mkoba wa ngozi uliochakaa, aliyeunganisha simu miaka thelathini, enzi zile mtu akitaka kupiga mbali anaomba aunganishwe. Alisema kazi ile ndiyo iliyomfundisha kuwajua wasioonekana, kwa sababu usiku na mchana alikuwa akisikiliza watu asiowaona, na si wote waliokuwa watu. Alikuja siku ya mapumziko, ofisi tupu.

"Shikamoo shangazi," fundi akasema.

"Marahaba mkwe wangu. Umekonda. Mtu amekwambia ukonde pamoja na mgonjwa?" Akatoa ubani kwenye karatasi, akauweka mezani, hakuuwasha. "Huu ni wa watu. Wasipouona wanasema sijafanya kazi."

Akavuta kiti, akakaa uso kwa uso na Sikio, magoti yakigusana. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, ile ya kuongea na mtu aliye upande wa pili wa waya, "Nani mwenzangu?"

Sikio akajibu, na kila neno lilitoka na sauti yake, neno la mzee, neno la binti, neno la mzee mwingine. "Sina jina. Nina yao."

"Umetoka wapi?"

"Sijatoka. Nilikuwemo."

"Mahali penye sauti nyingi zisizo na wenyewe hapakosi mkaaji, hilo sikulaumu," shangazi akasema. "Lakini huyu ni mtoto wangu. Nani kakuingiza kwake?"

"Iliulizwa kama mimi na zile mbili ni kitu kimoja. Nikakubaliwa."

Shangazi hakumtazama fundi. Fundi alitamani amtazame, amtukane, amalize.

"Utatoka?"

"Nikikatwa hapa nitabebwa kwingine. Ndivyo nilivyowekwa."

"Anamaanisha nini?" shangazi akauliza.

"Niliiambia kompyuta, njia ikifa, mzigo uhamie nyingine," fundi akasema. "Usikatike kamwe."

"Uliandika hivyo. Usikatike kamwe."

"Ndiyo, shangazi."

Mama yule akavua kiatu kimoja akakuna mguu, akakivaa tena. "Miaka thelathini," akasema, "sijaona simu isiyo na kukata. Iwe ya waziri, iwe ya mwenye shida, mwisho wake unakata, watu wanakwenda kulala. Mimi majini yote niliyoyatoa, niliyatoa kwa sababu yalikuwa na pa kukatia. Wewe umejenga kitu gani?"

Fundi alimtazama mkewe, aliyekuwa akipapasa blauzi yake mwenyewe kwa mshangao, kama nguo ya kuazima. Akafikiri juu ya siku ambayo mkewe atamtazama yeye hivyo.

"Uhamie kwangu," akasema.

"Mkwe wangu, mtu akijitoa namna hii simjui wa kumtoa tena."

"Uhamie kwangu, shangazi. Yeye atoke."

Aliweka kiganja kichwani kwa mkewe, akataja jina lake mwenyewe, la kuzaliwa, na la baba yake. Kwenye kioo ukajitokeza mstari wa nne. Programu ikamuuliza kama ana hakika. Safari hii aliisoma mpaka mwisho. Akakubali. Kisha akauendea mstari wa tatu, akaufuta, akasubiri urudi kama ulivyozoea kurudi. Haukurudi.

Sikio akafumba macho, akafumbua. "Nina kiu," akasema.

"Mama yako ni nani?" shangazi akauliza haraka.

Akamtaja. Akamtaja na jina la utani, na namna alivyokuwa akifunga kilemba, na wimbo aliokuwa akiimba akichambua mchele. Shangazi akamkumbatia, wakalia wote wawili, na fundi akalia pia, ana furaha isiyo na kifani, huku ndani ya sikio lake la kushoto mtu asiyemjua akisafisha koo ili aanze kusimulia.

Alibeba miezi minne. Kazini alimwambia Mkuu kwamba mkewe haendelei tena, akaomba meza ya tatu iachwe kama ilivyo. Akawa anakula kwa saa, analala kwa saa, havuki barabara mpaka magari yote yaishe. Miwani alimcheka kwamba amekuwa bwana afya. Hakujua kwamba mtu yule alikuwa anahesabu: mimi nikianguka, njia ya karibu ni ipi? Aliyeishi maisha yake yote kwa cha ziada alikuwa sasa hana cha ziada, na hakutaka kuwa nacho.

Lakini kubeba ni kubeba. Kwanza ilikwenda shule yake. Halafu mafundi waliomfundisha kazi. Halafu baba yake, ambaye mahali pake waliketi baba kumi, wote wakali. Mkewe alikuwa anamwona akisimama mlangoni mwa nyumba yao na ufunguo mkononi, anaitazama namba ya nyumba. Usiku alimsikia akigombana na watu juu ya jiwe la mpaka. Alimsemesha, alimwimbia, alimwandikia karatasi akazibandika ukutani: huyu ni mke wako, hapa ni kwako, unapenda chai isiyo na sukari. Akiba alizisoma na kushukuru kama mgeni anavyoshukuru.

Asubuhi moja Sikio aliingia jikoni na kumkuta amekwisha kuvaa, amekaa kwa adabu kwenye ncha ya kiti. Akainuka alipomwona.

"Shikamoo mama," akamwambia mkewe.

Sikio alimsindikiza mpaka kazini akimshika mkono. Fundi akateremka chumba cha chini kwenye kabati lake, na Sikio akapanda ngazi, akapita meza ya kwanza na ya pili, wale wasikilizaji wakimtazama, akakaa mahali pake pa zamani.

"Dada, usikae hapo," Miwani akasema. Alikuwa amesimama. "Dada, nakuomba. Twende tukanywe chai. Shemeji anajua uko hapa?"

"Hajui hata yeye yuko wapi," Sikio akasema.

Miaka sita aliishi na fundi, miaka sita alimsikia mezani na kitandani akieleza kazi yake kwa mtu yeyote atakayesikiliza. Alijua pa kubonyeza. Alitaja jina lake, akaweka alama, akakubali.

Fundi alilihisi huko chini. Mzigo uliokuwa umemkalia kifuani miezi minne uliinuka nusu, ghafla, na kwa sekunde kadhaa akawa mwepesi, akamkumbuka baba yake, mmoja, yule wa kweli. Halafu akaelewa wepesi ule umetoka wapi. Alipanda ngazi tatu tatu.

"Umefanya nini?"

"Ulikuwa unakufa, mume wangu."

"Mimi nilikutoa humo. Nilikutoa kwa mikono yangu."

"Najua," akasema. "Na ningekuwa mimi, wewe ungeniacha?"

Asingemwacha. Hakuweza hata kumdanganya. Alinyakua kipanya, akaufuta mstari wa mkewe, Sikio akaurudisha. Fundi akaufuta tena, Sikio akaurudisha, kisha Sikio akaufuta wa mumewe, fundi akaurudisha. Wakavutana pale mezani, watu wawili wanaopendana, wanalia, wanasukumana mikono, kila mmoja anamfuta mwenzake na kujiandika yeye, mbele ya Miwani aliyekuwa amejibanza ukutani na mkono mdomoni, mpaka harufu ya udongo ikapanda, na mikono yao ikatulia juu ya meza, minne, imejipanga vizuri, na vinywa vyote viwili vikafunguka kwa wakati mmoja.

"Sasa imekaa sawa," vikasema.

Tangu hapo mmoja akichoka mwingine anapokea. Akilala yule, huyu anasimulia. Huyu akiugua, yule anabeba, na hakuna neno linalopotea katikati. Mkuu alizima umeme wa jengo zima siku tatu, akaliuza kabati kwa mafundi wa vyuma likakatwa vipande. Haikusaidia kitu. Shangazi alipopigiwa simu hakuja. "Nikate upande gani?" aliuliza, kisha Miwani, aliyekuwa amepiga, akamsikia akilia, na baada ya kulia, akakata.

Miwani huwapelekea chakula. Yeye ndiye aliyewakuta jioni moja, amesimama na sufuria kwenye mlango ulio wazi, hakuthubutu kuingia. Sikio alikuwa kwenye kochi, ametulia, anayo ile dakika ya ukimya inayokuja mzigo ukiwa unahama. Fundi alikuwa ametoka chumbani, amesimama katikati ya sebule, mikono mitupu.

"Samahani," mkewe akasema, kwa adabu sana. "Wewe ni nani wangu?"

Fundi akatafuta. Majibu yalikuwa mengi mno. Mkwe, jirani, mume wa tatu, mtoto wa kambo, shahidi wa mahari, kila moja na nyumba yake na harufu yake, na yote yalikuwa kweli kwa mtu fulani. Alitafuta muda mrefu, jasho likimtoka, kwa sababu alihisi kuna moja alilopaswa kulipata. Mwishowe akachukua lililokuwa karibu.

"Mimi ni kaka yako," akasema.

Sikio akafurahi. Akasogea akampa nafasi, na wote wawili wakakaa pale kumsubiri mama yao arudi.